Star Trek au The Expanse: ipi inaaminika zaidi?

Ubishi huu kuhusu tamthilia mbili za TV za safari za anga za juu, ipi inafuata sayansi zaidi, hauishi kila tukikutana Kirumba, Mwanza.

Tuanze na uzito wa mwili. Kwenye The Expanse (2015–2022) meli hazina mtambo wa kuzalisha nguvu ya uvutano. Injini ikisukuma, nyayo zinashika sakafu, ikizimwa, unaelea. Aliyepanda boti ya Ukerewe anaijua kanuni hii: nahodha akifungulia mashine, mgongo unagandamizwa kwenye kiti. Star Trek, tangu 1966, watu wanatembea angani kana kwamba wako Kenyatta Road. Hapo siyumbi, The Expanse imeshinda.

Mawasiliano pia: ishara kutoka Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22 hivi kufika duniani, na The Expanse inaheshimu hilo.

Kwenye mwendo, mambo yanabadilika. Injini ya The Expanse inakula mafuta kidogo mno, haielezeki. Star Trek inakunja anga lenyewe, na mwaka 1994 mwanafizikia Miguel Alcubierre alionyesha kihesabu kwamba wazo hilo halipingani na Einstein, ingawa linadai nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri.

Mdogo wangu anayesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) namwekea The Expanse, daftari mkononi. Wewe unayetaka kuona binadamu wakiishi na viumbe wa nyota nyingine, anza na Star Trek.