Mpira wa mazoezi kwa mabega ya waogeleaji: uzoefu wangu hapa Shela

Ni ule utepe bapa wa mpira unaovutika, laini, wa mita 2, usio na vishikio. Nautumia hapa Shela, Lamu, kwa ajili ya kuogelea na mpira wa wavu wa ufukweni, na kwa kazi hiyo naupendekeza. Wa mita moja na nusu uacheni: ukiushika kwa upana unaotakiwa, kinabaki kidogo cha kuzungushia viganja.

Uzuri wake uko kwenye kupitisha mikono. Shika kwa upana wa karibu mara mbili ya mabega, viwiko vimenyooka. Inua kutoka mapajani, pitisha juu ya kichwa hadi nyuma ya kiuno, kisha rudi. Mara 10, polepole. Fimbo pia inafaa, lakini bega likikaza haikupi nafasi, mpira unavutika. Wengi hutoa mbavu nje na kupinda mgongo: mikono inafika nyuma, kumbe bega halijasogea. Kaza tumbo, au panua mshiko. Bega likichoma kwa mbele, acha hapo hapo. Aliyewahi kuteguka bega asilijaribu zoezi hili kabla ya kuonwa na mtaalamu wa viungo.

Karatasi ya maelezo haisemi jambo kubwa zaidi. Kwa waogeleaji wengi kinachokaza ni kifua na misuli ya chini ya kwapa, ilhali kiungo chenyewe tayari kimelegea. Ukivuta kwa nguvu unazidi kukilegeza. Kwa hiyo mpira huohuo utumie kuimarisha: ufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko, simama ubavu, kunja kiwiko digrii 90, bana kikoi kilichokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisha zungusha mkono wa mbali na dirisha kwenda nje. Raundi 3, mara 12 hadi 15. Kikoi kikidondoka, kiwiko kimetoka mbavuni na msuli mkubwa wa bega umeiteka kazi.

Kifua hakihitaji mpira. Egemeza mkono kwenye fremu ya mlango, kiwiko usawa wa bega, piga hatua mbele, sekunde 30. Hilo ni la baada ya kuogelea. Kabla ya maji, mazoezi ya kusogea tu.

Upungufu wa mpira huu ni uhai wake mfupi. Jua na mafuta huuoza, kwa hiyo mwenye mafuta ya nazi mikononi anawe kwanza. Usuuze kwa maji matamu, uanike kivulini, upake poda usigandane. Kabla ya kuutumia uvute kwenye mwanga: ukiona vinyufa pembeni, utupe, maana ukikatika mikono ikiwa juu, ncha hupiga jicho.