Ziara ya binafsi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: uzoefu wangu na mwongoza watalii

Mji Mkongwe wa Zanzibar si mkubwa. Mtu anayeujua hutoka soko la Darajani akafika bustani ya Forodhani kwa miguu kwa robo saa hivi, na hata asiyeujua, akipotea vichochoroni, hatimaye hutokea ama barabara kuu ama baharini. Kwa hiyo anayeuliza kuna haja gani ya kumlipa mwongoza watalii awatembeze ninyi peke yenu ana haki ya kuuliza, na mimi mwenyewe nililipima swali hilo kabla ya kutoa pesa. Niliamua kulipa kwa sababu nilifuatana na mama yangu, mtu mzima mwenye magoti mabovu na maswali mengi, na msafara wa watu ishirini wanaomkimbilia kiongozi wao hauna subira na magoti wala na maswali.

Ukishuka boti bandarini Malindi utapokewa na vijana ambao wenyeji huwaita papasi, ambao watajitolea kukubebea mzigo, kukutafutia hoteli na kukutembeza mjini, yote kwa mkupuo mmoja. Wengine wao ni watu wema, lakini mwongozaji anayefanya kazi kihalali anatakiwa kuwa na leseni na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, na hana sababu ya kuchukia ukimwomba akuonyeshe. Wetu tulimpata kupitia kampuni ndogo tuliyoelekezwa na nyumba ya wageni tuliyofikia. Bei niliyotajiwa kwanza ilikuwa ya dola. Nilipoeleza kwamba sisi ni Watanzania kutoka bara, ilitajwa upya kwa shilingi na ikapungua kwa kiasi cha kuonekana. Ieleweke pia kwamba ziara ya namna hii mara nyingi hulipiwa kwa jumla na si kwa kichwa, hivyo watu wawili huihisi mfukoni, ilhali familia ya watu watano inaweza kugawana gharama hadi kila mmoja akakaribia kile ambacho angelipa ndani ya kundi. Viingilio vyetu havikuwamo katika bei, na nashauri kila mtu aulize hilo mapema na abebe kitambulisho cha taifa, kwa kuwa sehemu zenye kiingilio hutofautisha kiwango cha wenyeji na cha wageni kutoka nje.

Mwongozaji alitufuata saa mbili na nusu asubuhi. Alimwamkia mama shikamoo, akauliza hali ya safari, kisha akauliza kuhusu magoti, jambo ambalo nilikuwa nimelitaja kwenye ujumbe wa simu na sikutarajia kwamba lingefika kwake. Kutokana na jibu alilopewa alibadilisha njia palepale: tungeanzia mtaa wa Mkunazini kabla makundi hayajajaa, tungepita vichochoro vyenye kivuli jua likipanda, na kila palipo na baraza nzuri mama angepumzika. Mabaraza hayo ya mawe yaliyojengwa pamoja na kuta za nyumba nilikuwa nikiyachukulia kuwa ni vikalio vya wazee wa kahawa tu. Yeye alitueleza kwamba zamani, mvua kubwa ikinyesha na maji yakatiririka vichochoroni, watu waliyatumia pia kama njia ya juu ya kupitia bila kulowa miguu. Nadhani tulikaa kwenye mabaraza theluthi nzima ya muda tuliolipia, na sijuti hata dakika moja, kwa kuwa mazungumzo bora ya siku ile yalifanyika tukiwa tumekaa.

Hata hivyo mwanzo haukuwa mwepesi. Mwongozaji huyu amezoea wageni kutoka Ulaya, na kwa nusu saa ya kwanza alitusomea kwa kukariri maelezo yaleyale ambayo bila shaka huwapa wao, safari hii kwa Kiswahili. Alimweleza mama yangu karafuu ni nini na inatumika kwenye chakula gani. Mama alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamuuliza kilo moja inauzwaje mwaka huu na wachumaji wanalipwaje. Kijana wa watu alicheka, akavua kofia, na kuanzia hapo tukawa na mtu mwingine kabisa, anayezungumza kama mtu wa mjini pale na si kama kitabu cha wageni. Ninayataja haya kwa faida ya wasomaji wanaozungumza Kiswahili: mwambieni mwongozaji tangu mwanzo mnachokijua tayari, ili muda usipotee.

Mkunazini ndipo niliposhawishika kwamba pesa yetu ilikwenda mahali pake. Hapo palikuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa baada ya Sultani Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza, kutia saini mkataba wa Juni 1873, na katika mwaka huohuo Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja wake. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Ndani kuna msalaba ambao mti wake ulitoka Chitambo, katika Zambia ya leo, pale moyo wa David Livingstone ulipozikwa, na kuna nguzo ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa safarini. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mama alisimama hapo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha kuna vyumba viwili vya chini ya ardhi, vyenye dari fupi kiasi cha kumlazimu mtu ainame, ambavyo huonyeshwa kwa wageni kuwa ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri mnada. Tulikuwa tumesimama mlangoni wakati kundi jingine likipewa simulizi hiyo kwa sauti ya majonzi makubwa. Mwongozaji wetu alingoja waondoke, halafu akatuambia kwamba wapo wanahistoria wanaoitilia shaka, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na inawezekana kabisa kwamba vilikuwa stoo. Akaongeza kwamba shaka hiyo haipunguzi hata chembe ya yaliyotendeka kwenye uwanja ule, kwani soko lilikuwepo na ushahidi wake ni mwingi. Angeweza kunyamaza nasi tusingejua. Kwangu mimi kipimo cha mwongozaji kiko hapo: aweze kutenganisha kinachojulikana na kinachosimuliwa, hata kama kinachosimuliwa ndicho kinachowatoa watu machozi.

Mama alimuuliza swali ambalo nisingethubutu kuliuliza mbele ya umati, kwamba waliowakamata watu hao na kuwafikisha pwani walikuwa akina nani. Hakulikwepa. Alizungumzia misafara ya Waarabu na Waswahili, akamtaja Hamad bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado iko Shangani. Akazungumzia watawala wa bara walioshiriki biashara hiyo, matajiri wa Kihindi walioikopesha mitaji, na soko la pembe za ndovu la Ulaya na Marekani lililoyafanya yote hayo yawe na faida. Yalikuwa mazungumzo mazito, yaliyochukua muda mrefu kuliko ratiba yoyote ya kundi ingeweza kuruhusu.

Baada ya hapo mwendo ulikuwa mwepesi zaidi, na sehemu niliyoifurahia mimi ni ile ya nyumba zenyewe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Jibu ni boriti: sakafu na dari hushikiliwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba huamuliwa na mti na si na tajiri. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene na zenye kupumua, na mtu akizipiga lipu ya saruji kwa nia njema ya kuzikarabati huzifungia unyevu ndani, zikaanza kuoza taratibu. Alituonyesha nyumba mbili zinazopakana, moja ya chokaa na nyingine ya saruji iliyovimba na kubanduka, na sikuhitaji maelezo zaidi. Kwa mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nilishangaa kuona ni nyumba ngapi zimeegemezwa kwa magogo.

Milango nayo ina mambo yake. Ile ya mtindo wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingine chenye aya za Kurani, na ile ya Kihindi, ambayo asili yake ni Gujarat, ina upinde juu na vipande vidogo vinavyokunjika. Misumari mikubwa ya shaba huelezwa kuwa ni kinga dhidi ya tembo, na mwongozaji alitukumbusha kwa tabasamu kwamba India huenda ilikuwa hivyo, lakini hapa ni pambo la kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba. Kuhusu mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu alitupa tafsiri mbili, ya wanaouhusisha na utumwa na ya wanaosema ni ulinzi wa nyumba, akatuachia tuamue.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la masultani, tuliitazama kwa nje tu. Barghash aliijenga mwaka 1883, ikaishi hata baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika saa moja, lakini Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka wakati wa ukarabati na watu wakapoteza maisha. Atakayekwenda kwa ajili ya jumba hilo aulize hali yake kwanza. Ngome Kongwe, Zahanati Kongwe ya Tharia Topan yenye roshani zake za mbao na kanisa la Mtakatifu Yosefu tulivipita haraka, na sehemu za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ambaye alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, tuliziruka kwa sababu mama hakuwa na habari naye. Katika kundi tungesubiri wengine wapige picha.

Sasa kasoro. Nusu saa ya mwisho tuliingizwa katika duka la viungo, kisha katika duka la picha za kuchora, na bei za mle zilikuwa za watu wanaoshuka kwenye meli za watalii. Hakutulazimisha kununua, na najua kwamba kamisheni ya dukani ni sehemu ya riziki ya waongozaji wengi, lakini muda ule ulikuwa tumeshaulipia. Mtu asiyetaka maduka aseme kabla ya kuanza, tena kwa maneno ya wazi. Simu yake pia iliita mara kwa mara, na mara mbili aliipokea tukiwa katikati ya jambo. Upande wa vyoo, ambalo kwa wazee si suala dogo, alijipanga vizuri: alijua ni hoteli zipi zingempokea mama bila maswali, na alipanga vituo kwa kuzingatia hilo.

Lawama yangu kubwa zaidi haimhusu yeye peke yake. Ziara yetu, kama nyingine zote nilizoona zikitangazwa, iligeuza njia ilipofika barabara ya Darajani, kana kwamba mji unaishia pale. Ng'ambo ya barabara hiyo, ambako hapo kale palipita mkono wa bahari, ndiko walikoishi wengi wa waliojenga, waliopika na waliobeba mizigo ya Mji Mkongwe, na ndiko yaliko majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nilipomuuliza kwa nini hatuendi huko alisema hakuna mgeni anayeomba, na kwamba yeye mwenyewe amezaliwa huko. Mama alimwambia basi sisi tunaomba. Tulikubaliana atupeleke kesho yake jioni jua likipoa, kwa bajaji kwa sababu ya magoti, kwa bei ileile, safari hii bila viingilio vya kulipa, na bila duka hata moja.