Ziara ya soko la watumwa Mkunazini: kanisa nyota tano, mtembezaji tatu, na ubishi wetu na mgeni asiye na dini

Haya jamani, wengi mnaniuliza ile ziara ya mguu ya Mji Mkongwe inayomalizikia Mkunazini inafaa kulipiwa au mtu ajiendee mwenyewe tu, basi mie naandika hapa mara moja niwajibu nyote. Kanisani, yaani kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko, na kwenye maonyesho ya biashara ya watumwa nendeni, tena mkae, msipite mbio na simu juu juu. Mtembezaji tuliyemkodi (kampuni siitaji, yule kijana ana watoto wa kulisha) ni msemaji hodari, anachekesha, anajua vichochoro vyote kutoka Darajani mpaka Shangani, ila hadithi yake ya utumwa ina upande mmoja tu na huo ndio ugomvi wangu naye.

Nilikwenda na mgeni wetu, Mswidi, fundi wa mashine za spitali, amepanga chumba kwetu Mbweni na Kiswahili anakisema mpaka anagombania bei ya samaki changu sokoni. Huyu hana dini. Si kwamba haendi kanisani, la, hana kabisa, anasema Mungu hayupo na anasema kwa upole bila ya kumkera mtu. Na mie Muanglikana wa kuzaliwa, wazee wangu ni wale watu wa Mbweni, watumwa walioteremshwa majahazini na manowari za Waingereza wakakabidhiwa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wakapewa pa kukaa. Kwa hiyo mkiona mahala nimeandika kwa uchungu mjue pametokea wapi.

Tiketi: bei ya mwenyeji na bei ya mgeni hazifanani, chukueni kitambulisho. Foleni ilikuwa fupi lakini mbele yetu kulikuwa na kwaya moja kutoka bara, fulana zina mstari wa Biblia mgongoni, wana jamaa yao mwenye pasipoti ya nje na wamemshikilia aseme yeye mwenyeji ili alipe rahisi, kiongozi wao anaapa kwa jina la Yesu pale dirishani, watu wanasikia. Nyuma yao Mswidi wetu akalipa, chenji ikazidi, akaihesabu, akairudisha. Karani akamwambia ahsante baba. Nilijua tu atalisema na akalisema hata ngazi hatujazifika: "Mama, yule anayeogopa moto kadanganya, na mie nisiyeogopa kitu nimerudisha. Sasa Mungu anahitajiwa kwa kazi gani hapa?"

Sikumjibu pale, maana tulikuwa tunaingia kwenye vyumba vya chini. Dari ni chini sana, mtu mrefu anainama, hewa inapita kwenye vitundu vidogo, ukuta una unyevu. Mwenye presha au magoti mabovu asilazimishe. Mtembezaji anakuhadithia idadi ya watu waliokuwa wakishindiliwa humo na wageni wanashika midomo. Wapo wanahistoria wanaobisha, wanasema vile vyumba ni vya jengo la misheni lililo juu yake, lililojengwa baada ya soko kufungwa, na yeye hilo hakuligusa kabisa. Mie sioni kwa nini alifiche, kwani soko lilikuwepo hapa hapa na hakuna anayelibishia hilo, halihitaji kutiwa chumvi.

Sasa hadithi yake. Waarabu walikuwa wabaya, Wakristo wa Ulaya wakaja, wakahurumia, wakalifunga soko tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash akatia saini, John Kirk balozi wa Uingereza kasimama hapo, makofi. Na aliyekuwa anatuhadithia ni Muislamu wa hapa hapa mjini! Nikamuuliza pembeni kwa nini anasema hivyo akacheka, "Mama, wageni ndivyo wanavyotaka." Basi kumbe tunauziwa dhamiri safi, na sisi Wakristo ndio wateja wakubwa.

Mie nilitaka aseme na haya. Kwamba 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa elfu moja kila mwaka, wa kwenda kulima visiwa vya Wafaransa, na hao walikuwa Wakatoliki wanaobatizwa na kufunga Kwaresima. Kwamba machifu wetu wa bara waliuza. Kwamba pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwa watu zilikwenda kuwa vidude vya piano kwenye sebule za Ulaya na Marekani, pengine zikapigiwa nyimbo za dini. Kwamba Livingstone mwenyewe, yule mmisionari tunayemsifu kwa kuupinga utumwa, alipoumwa na kuishiwa alisaidiwa na wafanyabiashara hao hao wa watumwa, Tippu Tip akiwemo, akala chakula chao. Na kubwa zaidi: soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufungwa. Uingereza ilitutia chini ya himaya yake 1890 na sheria ya kuondoa utumwa ikaja 1897, yaani miaka saba bendera ya Malkia Mkristo inapepea na mtu bado ni mali ya mtu kisheria, maana karafuu zilihitaji mikono. Na masuria walingoja mpaka 1909. Haya yote kijana wetu kayaruka kama hayakuwepo.

Sifa ziende kwa maonyesho yenyewe, yale yaliyofunguliwa 2016 kwenye jengo la zamani la misheni. Mabango yana maelezo ya kutosha, yanakwenda taratibu, yanaonyesha njia za misafara, nani alinunua, nani alifaidi, na yamefanya kazi kubwa kuliko mtembezaji. Someni yote. Mgeni wetu alisoma mpaka nikachoka miguu nikakaa.

Nje kuna yale masanamu ya watu watano kwenye shimo na minyororo shingoni, ya 1998, aliyeyachonga ni Clara Sörnäs, Mswidi. Nikamwambia mgeni, mwenzenu huyo. Alisimama hapo muda mrefu uso umemuiva, mtu huyu ambaye nyumbani ananambia wema na ubaya ni mambo ya watu kukubaliana tu. Nikaona hapa ndipo. Nikamwambia, baba, kama ni kukubaliana, hawa waliouzwa hapa watu walikubaliana, serikali ilikubali, dini zikanyamaza, bei ikapangwa, ushuru ukalipwa. Mbona umekasirika?

Akasema binadamu tumekulia kwenye makundi, wenye kuoneana huruma ndio waliobaki, huruma ikatuingia kwenye damu, haihitaji kitabu. Hoja si ya kipuuzi na sitaki mtu aje hapa kuicheka. Lakini nilimwambia huruma ya kundi ilikuwepo tele siku za soko, mnunuzi alikuwa na wanawe nyumbani na aliwapenda, ikaishia mlangoni pa kundi lake. Aliyefungwa hapa alikuwa Myao, Mnyasa, Mmanyema, si mtoto wa mtu yeyote hapa mjini. Nani kakwambia huruma ivuke ule mlango, tena kwamba asiyeivusha ana hatia? Akafikiri. Akasema, "Sijui, mama. Lakini najua ana hatia." Nikampenda kwa jibu lile kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana hakutaka kushinda.

Na hapa niwaambie ndugu zangu wa kanisani, mnaosema asiyeamini hawezi kuwa na maadili, fungueni Warumi 2, Paulo anasema wapo watu hawana torati na wanayatenda ya torati kwa sababu imeandikwa mioyoni mwao, kwa hivyo mkikataa mnagombana na Paulo, Mswidi muacheni. Asiyeamini anajua lililo jema, bila ya shaka anajua. Mie ninalosema ni kwamba anachokijua hakikutungwa na yeye wala na Waswidi wenzake, kipo juu ya soko na juu ya Sultani na juu ya Malkia, na ndiyo maana kinaweza kuwahukumu wote watatu.

Yeye naye hakuniachia. Akanikumbusha Waefeso 6, enyi watumwa watiini mabwana zenu, akaniuliza wenye mashamba walikuwa wakisoma mstari gani Jumapili. Kweli. Na mie nikamtajia waraka wa Filemoni, Paulo anamrudisha Onesimo na kusema ampokee si mtumwa tena, ni ndugu mpendwa, na ukishamwita mtu ndugu mnadani utampandishaje? Lakini kanisa lilikuwa na nyaraka zote mbili mkononi kwa karne nyingi na likachagua ule unaolipa. Shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, SPG, lilikuwa na shamba la miwa Barbados liitwalo Codrington, na watumwa wake walipigwa chapa ya moto kifuani, neno moja: SOCIETY, yaani Shirika. Shirika la kueneza Injili! Kanisa liliomba radhi 2006, na 2023 likatangaza kutenga pauni milioni 100 kwa ajili ya hayo. Mie ni mtoto wa kanisa hilo na sioni faida ya kulitetea kwa hilo.

Wapo wenzetu wakifika hapa wanakimbilia kusema wasioamini nao wameua, na Stalin je, na Albania ya Hoxha iliyopiga marufuku dini 1967 je. Sawa, yametokea, si uongo. Lakini kushindana kuhesabu maiti kwenye uwanja wa soko la watumwa mie naona ni aibu.

Kuhusu unafiki mie nina langu, na sisi watu wa visiwa hivi tutaelewana. Mtu anachanganya makonyo, vile vijiti vya karafuu vya bei ya chini, kwenye gunia la karafuu ili uzito upande. Hujamuona mtu anachanganya karafuu kwenye gunia la makonyo auze makonyo. Anayejifanya mtakatifu dirishani pa tiketi anajua utakatifu una bei, anaiba bei hiyo. Hilo halimpunguzii dhambi, linamuongezea, Paulo anasema katika sura ile ile ya Warumi kwamba jina la Mungu linatukanwa kwa ajili ya watu wa namna hii, na mie nimeliona likitukanwa kwa macho yangu kwa tofauti ya bei ya tiketi. Ila mgeni wetu alipotaka kuniambia basi karafuu hazipo, hapo nilikataa.

Tukaingia kanisani. Hapa sina la kukosoa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko limefungwa, na Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, dari zima limekwenda kwa upinde bila nguzo katikati, na yeye mwenyewe kazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru kuonyesha pale uliposimama mti wa kuchapia watu. Kuna msalaba wa mti wa kule Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Na zile nguzo upande wa kubatizia zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi walikosea Askofu akiwa safarini na akaziacha hivyo hivyo. Mtembezaji hapa alipata nyota zake, alilihadithia vizuri mpaka Mswidi akacheka.

Lakini na hapa kasahau mtu mmoja, Frank Weston, askofu wa Zanzibar kutoka 1908 mpaka 1924. Huyu 1920 aliandika kuishambulia serikali yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi, na 1923 akasimama London akawaambia Wakristo wenzake kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabernakulo, kile kisanduku cha mkate wa Ekaristi kanisani, kama hawamhurumii Yesu katika mitaa ya masikini. Mgeni alipolisikia hilo kutoka kwangu akauliza kwa nini huyu hana bango kubwa. Na mie nauliza.

Tulipokaa kwenye benchi nikamwambia hadithi ya Mathayo 21, baba ana wana wawili, mmoja kasema sitaki kisha akaenda shambani, mwengine kasema naenda bwana na asiende. Nikamwambia leo wewe umekuwa yule wa kwanza na kwaya wamekuwa wa pili, na Yesu alishasema nani alifanya mapenzi ya baba. Ila hata yule wa kwanza kuna aliyemwita. Akacheka, "Mie sijasikia anayeniita, mama." Halafu akatoa simu yake mfukoni akaigeuza geuza, akasema ndani ya hii kuna kobalti ya Kongo na kule kuna watoto wanachimba, na mie nilikuwa nalia pale kwenye masanamu. Nikamwambia karibu, na sisi tuna wasichana wa kazi kutoka bara wanaolala sakafuni jikoni, nyumba za Waislamu na za Wakristo sawasawa, mshahara unacheleweshwa na kisingizio ni "tunamlea kama mwanetu". Hapo hatukubishana tena.

Basi ushauri: nendeni asubuhi mapema kabla makundi makubwa hayajaingia, vaeni nguo za heshima maana ni nyumba ya ibada, mkitaka mtembezaji muulizeni kabla ya kulipa kama atawahadithia na wanunuzi Wakristo au Waarabu peke yao, akianza kubabaika ingieni wenyewe na mabango yatawatosha. Watoto wa skuli wapelekeni, ila wale wadogo kabisa vyumba vya chini wasubiri. Kanisa na maonyesho nyota tano. Mtembezaji tatu, na ya tatu ni ya zile nguzo.