Ramani ya treni za London, kwa wenye kuichapisha Darajani

Ramani rasmi ya treni za chini ya ardhi za London inatolewa bure na mamlaka ya usafiri ya mji huo, Transport for London, kwa faili la PDF. Mwanafunzi anayeondoka Unguja kwenda kusoma huko, au mwalimu wa jiografia anayetaka kitu cha kubandika skuli, anakwenda na flashi yake kwenye steshenari ya mjini anatoka na nakala. Kwa kukuonesha pa kubadilisha treni, hakuna ya kuishinda. Kwa kupimia masafa, haifai kabisa.

Na imekusudiwa hivyo. Reli hiyo ya chini ya ardhi ilianza tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, kwa injini za mvuke. Treni za umeme kwenye mahandaki ya kina zikaja 1890. Ramani za F. H. Stingemore za miaka ya 1920 zilifuata ardhi ilivyo, kwa hivyo vituo vya katikati ya mji vilibanana. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya ufundi aliyefanya kazi idara ya ishara za reli, akachora yake mwaka 1931: mistari imenyooka, wima, mlalo au mshazari wa digrii 45, katikati pamekuzwa, pembezoni pamekunjwa, na vituo vimeachiana nafasi karibu sawasawa. Wakubwa waliikataa mwanzo. Januari 1933 ikatolewa kwa abiria. Kitu pekee cha juu ya ardhi alichokibakisha ni mto Thames, na waliokuja baadaye walipouondoa mwaka 2009 watu walipiga kelele hata ukarudishwa kabla mwaka haujaisha. Walikuwa na haki. Bila ya mto hujui kama uko kaskazini au kusini ya mji.

Kwenye nafasi hizo zilizosawazishwa ndipo mgeni anapopotea. Leicester Square na Covent Garden zimeachana mita kama 260 tu. Ukishuka chini, ukangoja treni, ukapanda tena juu, mwenye kwenda kwa miguu ameshafika, nawe umelipa nauli. Chesham na Chalfont & Latimer zimeachana zaidi ya kilomita 6, karibu sawa na Darajani hadi uwanja wa ndege, na kwenye karatasi hutambui tofauti hiyo. Bayswater na Queensway ziko barabara moja, hatua chache baina yao, lakini anayeifuata ramani atazunguka na kubadilisha treni bure. Edgware Road ni vituo viwili mbalimbali vyenye jina moja, kila kimoja na mlango wake, kwa hivyo mtu akikwambia mkutane hapo, muulize mstari gani.

Rangi nayo haimalizi maneno. Kwetu gari ya 505 ni ya uwanja wa ndege na 502 ni ya Bububu; umeona namba, umemaliza. (Reli yetu ya Bububu, iliyofunguliwa 1905 ikianzia Ngome Kongwe, ilikuwa na njia moja ya kilomita kama 11, ramani ya nini?) Northern Line, ile nyeusi, inagawanyika baina ya Camden Town na Kennington: treni moja inapita Bank, nyengine Charing Cross, na rangi ni ileile. Piccadilly ya kwenda Heathrow pia hugawanyika, nyengine Terminal 4, nyengine Terminal 5. Soma kibao cha mbele ya treni kabla ya kupanda.

Kwenye kuchapisha, A4 ni kupoteza wino, kwani majina ya katikati ya mji hayasomeki bila ya miwani. A3 ndiyo ya chini kabisa, na kwa ukuta wa darasa chukua A1. Mwambie fundi achague kwenye programu ramani ilingane na karatasi, asichapishe kwa ukubwa wa faili, maana kielezo cha rangi kiko pembeni na ndicho kinachokatwa mwanzo. Kisha kagua rangi nne kabla hujalipa: kahawia ya Bakerloo isifanane na nyekundu ya Central, na buluu iliyokoza ya Piccadilly isifanane na buluu hafifu ya Victoria. Zikikaribiana, tona, yaani wino wa mashine, inakwisha. Pasipokuwa na mashine ya rangi, usiichapishe hiyohiyo kwa rangi ya kijivu. Mamlaka ina toleo lake la nyeusi na nyeupe, ambapo kila mstari una alama zake, pamoja na toleo la maandishi makubwa kwa wasioona vizuri. Ukiilamineti, acha ukingo wa plastiki wa nusu sentimita pande zote nne. Ukikatwa sawa na karatasi, unyevu wa mjini unaingia na ukungu unafuata.

Nakala kuukuu zimejaa. Ya kweli ina Elizabeth Line, iliyofunguliwa 2022, na mistari ya Overground, treni za juu ya ardhi, yenye majina sita tangu Novemba 2024: Lioness, Mildmay, Windrush, Weaver, Suffragette na Liberty. Ukiona Overground yote rangi ya chungwa na jina moja, hiyo imepitwa, mrudishie fundi.

Upande wa pili wa karatasi chapisha ramani nyengine ya mamlaka hiyohiyo, inayoonesha dakika za kutembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo. Nayo ni bure.