Hooters 500 ya 1992: rekodi ya kuangaliwa na kalamu mkononi

Mashabiki wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, wakikutana, ubishi wa ubingwa wa 1992 hauchelewi kuanza. Yuko anayeshikilia kwamba Bill Elliott aliangushwa na hesabu za piti (pale magari yanapoingia kuongeza petroli na kubadilisha matairi), yuko anayesema Davey Allison ndiye aliyestahili na bahati mbaya ikamwendea mbio, na yuko anayemtetea Alan Kulwicki kwamba alishinda kwa kichwa wakati wenzake walikuwa wanategemea mguu tu. Rekodi ya mbio zilizoamua ubingwa huo, Hooters 500, za mwisho wa msimu, ipo, bure, katika hazina ya NASCAR Classics na kwenye chaneli ya NASCAR ya YouTube. Swali la tathmini hii ni moja: je, inatosha kumaliza ubishi? Kwa sehemu kubwa inatosha, ila haikupi jibu mezani. Lazima uhesabu mwenyewe.

Kwanza bidhaa yenyewe. Ni matangazo ya ESPN ya tarehe 15 Novemba 1992 kutoka Atlanta Motor Speedway, Hampton, jimbo la Georgia. Mizunguko ni 328 kwenye njia ya maili 1.522, yaani kilomita 2.45 hivi, na mbio zilichukua takriban saa 3 na dakika 44, kwa hiyo usianze saa nne usiku. Picha ni ya enzi ya televisheni za mraba. Ukichagua ubora wa 480 umepata karibu kila kilichomo. Kupanda juu ya hapo ni kuchoma bando bila faida. Namba za magari zinasomeka gari likiwa karibu, lakini kamera inapopiga upande wa mbali wa uwanja unategemea rangi zaidi. Shika hizi tatu: 28 ni Allison, gari jeusi la Texaco Havoline; 11 ni Elliott, jekundu la Budweiser; 7 ni Kulwicki, lenye nembo ya bundi wa migahawa ya Hooters. Yote matatu ni Ford Thunderbird. La Kulwicki lina kionjo chake: herufi mbili za mwanzo wa jina zilitolewa kwenye bampa ya mbele kwa ruhusa, likabaki "Underbird", kwa maana ya gari la mnyonge.

Sauti ndiyo nguvu kubwa ya rekodi hii. Bob Jenkins anaendesha matangazo, na pembeni yake wako Ned Jarrett, bingwa wa 1961 na 1965, na Benny Parsons, bingwa wa 1973. Wawili hao wanazungumza kama watu waliowahi kuisikia gari ikilegea nyuma kwenye kona. Hawapigi kelele pasipo sababu, na gari linapopoteza kasi wanakwambia nini kinaweza kuwa kimeharibika kabla habari haijatoka piti.

Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Hakuna ubao wa nafasi unaokaa kwenye picha muda wote kama tulivyozoea leo. Msimamo unaonyeshwa kwa vipindi, halafu unaondoka. Idadi ya mizunguko ambayo kila dereva ameongoza, namba iliyoamua kila kitu siku ile, haikai mbele ya macho yako. Anayetazama huku anachati na simu atafika mwisho amemwona Elliott anashinda mbio na Kulwicki anashangilia ubingwa, asijue kilichotokea.

Basi kabla ya kubonyeza, andika haya kwenye karatasi. Madereva sita walikuwa bado na nafasi ya ubingwa kihesabu: Allison pointi 3928, Kulwicki 3898, Elliott 3888, Harry Gant 3831, Kyle Petty 3830, Mark Martin 3815. Mshindi wa mbio alikuwa anapata pointi 175, wa pili 170, wa tatu 165, wa nne 160, wa tano 155, wa sita 150, kisha zinashuka nne nne hadi wa 11. Ukiongoza hata mzunguko mmoja unaongezewa 5. Aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote anaongezewa 5 nyingine. Pointi zikilingana, mwenye ushindi mwingi wa msimu ndiye anayetangulia. Chora safu mbili, moja ya Kulwicki na moja ya Elliott, na kila uongozi unapobadilika andika namba ya mzunguko. Ni kazi, lakini bila safu hizo mbili rekodi hii inapoteza nusu ya utamu wake.

Mizunguko ya mwanzo ina ajali mapema. Rick Mast, aliyepata nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa kasi ya kufuzu ya maili 180.183 kwa saa, aligongana na Brett Bodine kwenye mzunguko wa pili, na wote wawili walikuwa wameanza mstari wa mbele. Hapo pia ndipo wanaofuatilia historia watataka kusimama kidogo: hizi ndizo mbio za mwisho za Richard Petty, mwenye ushindi mara 200 na ubingwa mara saba, na ndizo mbio za kwanza za ngazi ya juu za Jeff Gordon. Petty aliingia kwenye ajali, gari likashika moto, likatengenezwa na kurudi njiani mwishoni ili amalize akiwa anatembea. Aliandikwa wa 35. Gordon aligonga ukuta na kumaliza wa 31. Matangazo yanampa Petty muda mwingi, na ni haki yake, ila ukiwa na karatasi yako utahisi kamera inakuibia mizunguko ya washindani wa ubingwa.

Martin aliondolewa na injini. Gant alimaliza wa 13 na Kyle Petty wa 16. Kwa hiyo weka macho kwa watatu.

Allison kwanza. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kuliko ya wote: amalize wa tano au juu zaidi, basi, hata wengine wafanye nini. Chukua 3928, ongeza 155, unapata 4083. Kulwicki hata angeshinda mbio na kuchukua ziada zote mbili angefika 4083 hiyohiyo, na Allison alikuwa na ushindi mara tano msimu ule, hivyo angetangulia. Kwenye mzunguko wa 254 Allison alikuwa wa sita. Gari la dereva mwingine, Ernie Irvan, likapoteza mwelekeo kwenye mnyoofu wa mbele, likakaa mshazari mbele yake, na Allison hakuwa na pa kupita. Rudisha nyuma kipande hicho uangalie nafasi iliyokuwepo kati yao: kwa kasi ile hakuna breki wala usukani wa kuokoa. Wanaomlaumu Allison kwamba alikaa karibu mno na magari ya nyuma badala ya kujiepusha hawajaitazama vizuri. Alimaliza wa 27, akapata 82 na zile 5 za kuongoza, jumla 4015.

Hapa kuna jambo ambalo wabishi wengi hawalipigii hesabu. Allison tayari alikuwa na ziada ya kuongoza mkononi. Kwa jinsi mbio zilivyoisha, nafasi ya saba ingempa 146 na 5, jumla 4079, pointi moja zaidi ya alizopata bingwa. Nafasi ya nane ingempa 4075 na angekosa. Yaani alipogonga alikuwa kwenye nafasi iliyomtosha, na alikuwa na nafasi moja tu ya kupoteza. Kwa hiyo anayesema "Allison alikuwa ameshaubeba" ametia chumvi kidogo, na anayesema "hakuwa karibu" hajui anachosema.

Sasa Kulwicki. Mtu huyu alikuwa mmiliki wa timu na dereva wa timu hiyohiyo, mhandisi wa mitambo kwa elimu, aliyewahi kuzikataa ofa za Junior Johnson, mmiliki wa timu nyingine, ili abaki na timu yake mwenyewe. Jina la Johnson si la bahati mbaya hapa, kwa sababu gari la Elliott siku ile ni la Johnson. Baada ya mbio za Dover mwezi Septemba, zikibaki mbio sita, Kulwicki alikuwa nyuma ya Elliott kwa pointi 278. Kwa mfumo ule wa pointi, pengo kama hilo halizibiki kwa kushinda tu. Lazima wa mbele naye aharibikiwe, na Elliott aliharibikiwa wiki baada ya wiki.

Siku ya Atlanta gia ya kwanza ya Kulwicki ilivunjika mapema. Angalia kila anapotoka piti: gari linasukumwa na mafundi na linaondoka kwa uzito, kwa sababu anaondokea gia ya nne. Hatari haikuwa sekunde tu. Kipande cha chuma kilichovunjika kikibaki kinazunguka ndani ya giaboksi kinaweza kung'oa meno ya gia nyingine, na hapo ni kuegesha. Ukiondokea gia ya juu unaiunguza klachi, ukilazimisha kubadilisha gia unaweza kumaliza giaboksi. Alichagua klachi, na akaibembeleza mbio nzima. Hii ndiyo sehemu ya rekodi ninayoithamini kuliko ajali zote, na ni rahisi kuipitisha bila kuiona.

Elliott naye alikuwa na gari lenye kasi na kiongozi wa mafundi mzoefu, Tim Brewer. Kwa Kulwicki alikuwa Paul Andrews. Baada ya Allison kutoka, ubishi ulibaki wa watu wawili, na hapo ndipo karatasi yako inapoanza kulipa. Piga hesabu hii: Elliott akishinda mbio na pia akaongoza mizunguko mingi, anapata 185, jumla 4073. Kulwicki akiwa wa pili bila ziada ya kuongoza mizunguko mingi anapata 175, jumla 4073. Sare, na Elliott ana ushindi mara tano dhidi ya mara mbili wa Kulwicki. Ubingwa wa Elliott. Lakini ziada ile ikienda kwa Kulwicki, inakuwa 4078 kwa 4068. Pointi 5 zinahama na pengo linasogea 10.

Kulwicki alibaki njiani akiongoza hadi mzunguko wa 310, ndipo akaingia kuongeza petroli. Kituo kilikuwa cha haraka na mafuta hayakuingia kama walivyotaka, hivyo ilimbidi aendeshe mizunguko ya mwisho kwa kubana mguu. Wengi wanaotazama mara ya kwanza wanadhani ameishiwa nguvu. Hapana. Alikuwa na mizunguko 103 ya kuongoza, na kwa hesabu hiyo hata nafasi ya tatu ingemtosha: 165 na 10, jumla 4073, dhidi ya 4068 za Elliott. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumfukuza Elliott. Kazi yake ilikuwa moja, petroli ifike mstarini. Elliott akashinda mbio, Kulwicki wa pili, Geoff Bodine wa tatu. Mizunguko ya kuongoza: Kulwicki 103, Elliott 102.

Je, upande wa Elliott ulikosea? Kwa maoni yangu, ndiyo, lakini si pale wanapoonyesha watu wengi. Wanaonyesha kituo cha mwisho. Angalia safu zako: mzunguko mmoja tu aliouongoza Kulwicki ungehamia kwa Elliott, namba zingegeuka. Mzunguko huo ungeweza kupatikana popote katika 328, kwenye kurudi kutoka bendera ya njano ya tahadhari, kwenye kuchelewa kuingia piti kwa mzunguko mmoja, kwenye kumpita mtu sekunde chache mapema. Timu ya Kulwicki ilizihesabu pointi 5 zile kama sehemu ya ushindi, na ikapanga kituo chake kwa kuzifuata. Mbinu ya Elliott ilikuwa kushinda mbio, na alizishinda. Ubingwa ulikuwa na sharti la ziada.

Kuna wanaopenda kulinganisha na sheria za baadaye. Kwa mfumo uliotumika kuanzia 2014 hadi 2025, ambapo kati ya waliofika fainali aliyemaliza mbele kwenye mbio za mwisho ndiye aliyekuwa bingwa, Elliott angeubeba kama wote watatu wangefika hapo. Ni mchezo wa kufikirika. Sheria ya 1992 ilijulikana na wote kabla ya bendera ya kijani.

Ubishi huu umebaki mbichi pia kwa sababu hapakuwa na marudiano. Kulwicki alifariki kwenye ajali ya ndege Tennessee tarehe 1 Aprili 1993, na Allison tarehe 13 Julai mwaka huohuo baada ya helikopta yake kuanguka Talladega siku moja kabla.

Kwa alama: sauti na maelezo 5 kati ya 5, picha 3, msaada kwa mtazamaji anayefuatilia pointi 2. Jumla naipa 4, kwa kuwa mbio zenyewe zinabeba mapungufu ya matangazo. Kama huna saa nne, anza mzunguko wa 240 ili uone hali kabla ya ajali ya Allison, na andika mwanzoni mwa safu zako kwamba hesabu kamili inaishia 103 kwa 102. Usikate bendera ikishuka: subiri Kulwicki ageuze gari na kuzunguka uwanja kwa mwelekeo wa kinyume, dirisha lake likiwa upande wa mashabiki, kama alivyofanya Phoenix 1988 aliposhinda mbio zake za kwanza.