Bana nzuri, muuzaji mwenye jeuri: uzoefu wangu na meko

Nilinunua bana, yaani kile kichwa cha kuwakia moto, ya mtungi wa gesi wa kilo 6 katika duka moja la vyombo karibu na Kamukunji, majira yale Nairobi ilipokuwa na baridi ya kukata mifupa, na jioni ya kwanza tu moto wake ukaanza kunichezea. Ulipanda na kushuka kama pumzi za mtu mwenye pumu, ukageuka manjano, na sufuria ya ugali ikaepuliwa ikiwa na masizi chini kama iliyopikiwa kuni.

Nilidhani ni upepo wa dirishani, nikahamisha meko, haikusaidia. Nikapaka povu la sabuni pale bana inapoungana na mtungi nione kama gesi inavuja, lakini hakikutokea kiputo hata kimoja. Hatimaye nilimwomba jirani bana yake. Juu ya mtungi wangu iliwaka buluu, imetulia tuli, ilhali yangu juu ya mtungi wake iliendelea kurukaruka vilevile.

Nilirudi dukani na ushahidi huo. Muuzaji hakuigusa bana, wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mama, gesi yako imechakachuliwa," akasema. Nilipomweleza habari ya jirani, alimgeukia mwenzake na kusema, kwa sauti iliyowafikia wateja wote, kwamba wamama wengine wamezoea makaa. Mimi, niliyeanza kupika kwa gesi kabla kijana huyo hajazaliwa! Kisha akanionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Fundi wa mtaani kwetu aliifungua bana kwa dakika chache. Ndani ya mrija, mahali gesi inapochanganyika na hewa, palikuwa na utando wa buibui, mweupe, umesokotwa kama kipande cha pamba. Alinieleza kuwa gesi ikitoka kwenye kile kitundu kidogo huvuta hewa kupitia matundu ya kando, na mrija ukizibika hewa haitoshi, ndiyo maana moto unakuwa wa manjano, unayumba na kutoa masizi. Nilimpa sindano azibue na kitundu chenyewe, akakataa, akisema kikipanuka kidogo tu moto utazidi kiasi. Alikipuliza, akausugua mrija kwa brashi laini, basi.

Nilikuwa nimeazimia kuwaonya watu wote wasiinunue bana hii, lakini haki lazima itendeke: sasa inawaka buluu, chai inachemka upesi, na sijaona masizi tena. Ningeisifu bila kusita, isipokuwa kila nikiiwasha namkumbuka yule kijana. Buibui hakuusokota utando ule jikoni kwangu kwa jioni moja. Bana ilikaa rafuni kwao muda mrefu, na hakuna aliyejali kuichungulia. Je, ingekuwa imenunuliwa na mwanafunzi anayepika na kulala katika chumba kimoja kilichofungwa, huku moto usiopata hewa ukimwaga kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo mtu hawezi hata kuinusa? Hapo pia muuzaji angesema ni mazoea ya makaa?

Kwa hiyo bana ninaipendekeza, duka silipendekezi kamwe. Utando wenyewe nimeuhifadhi ndani ya kiberiti, na siku nikipita Kamukunji nitamwekea juu ya kaunta, mbele ya wateja wake.