Springi na shokapu za Old Man Emu kwa Land Cruiser 40 lililoinuliwa: maoni kutoka Pemba

Mtu anayetaka kuliinua Land Cruiser la zamani hapa Pemba kwa kawaida huuliza kwanza litapanda inchi ngapi, ilhali linalopaswa kujibiwa mwanzo ni gari hilo litabeba nini siku nyingi za mwaka. Maoni haya yanahusu seti ya springi na shokapu za Old Man Emu, kampuni ya Australia, iliyofungwa kwenye pikapu ya HJ47, mojawapo ya Land Cruiser za mfululizo wa 40, yenye injini ya dizeli ya 2H na kuliinua gari kwa takriban inchi 2. Nimeitumia msimu wa karafuu na nje ya msimu, na kwa jumla naipendekeza kwa dhati, kwa sharti kwamba mnunuzi achague uzito wa springi kabla ya kufikiria urefu.

Magari ya mfululizo wa 40, yaliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, yana ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, mbele na nyuma, pamoja na springi za bapa (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) kwenye magurudumu yote manne. Springi hizo ndizo zinazobeba gari, na ndizo zinazoishika ekseli mahali pake. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuutuliza mchezo wa springi baada ya tairi kugonga shimo. Kwa hiyo anayebadilisha shokapu kwa sababu gari limelala nyuma amenunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Uzuri wa seti hii ni kwamba springi za nyuma huuzwa kwa uzito tofauti, kulingana na mzigo wa kudumu. Nilichagua za uzito wa kati, kwa kuwa gari hubeba mapolo ya karafuu kwa miezi michache tu, na miezi mingine hutembea karibu tupu. Njia ya kwenda Makangale kupitia msitu wa Ngezi ndiyo iliyonionesha tofauti: gari lenye springi nzito mno, likiwa tupu, huruka nyuma kila linapopita juu ya mzizi, na tairi ikiwa hewani haina breki wala nguvu ya kuvuta. Springi za kati hupinda vya kutosha bila mzigo, na zikipakiwa hazilali. Mwenye gari la kubebea abiria tu achukue nyepesi kuliko hizi, hata kama fundi atamshawishi kwamba chuma kingi ndiyo uimara.

Kwa upande wa shokapu, jambo la kuzingatia kuliko jina ni urefu. Gari likipanda inchi 2, shokapu ya zamani huwa fupi, na ekseli inaposhuka yote bondeni, shokapu ndiyo inayobaki kuining'iniza. Matokeo yake huonekana kwa macho: mafuta meusi yaliyoshikana na vumbi jekundu chini ya sili, na pini ya juu iliyopinda. Ndefu kupita kiasi nayo hugonga mwisho wake kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa kuizuia isigonge chesi (fremu ya gari), na hapo huvunjika. Fundi mwangalifu huondoa shokapu, huiacha ekseli ining'inie na kupima umbali kati ya pini na pini, kisha huipandisha kwa jeki hadi mpira ukandamizike na kupima tena. Shokapu inayofaa hufunguka kupita kipimo cha kwanza na hujifunga kuwa fupi kuliko cha pili.

Nitrocharger, shokapu za seti hii, zina bomba mbili, moja ndani ya jingine, pamoja na gesi ya naitrojeni. Zile za bomba moja, kama za Bilstein ya Ujerumani, hupoa upesi zaidi katika mwendo mrefu wa kasi, lakini pistoni yake hutembea moja kwa moja ndani ya ukuta wa nje, hivyo jiwe likibonyeza bomba pistoni inaweza kukwama. Kwa mawe ya njia zetu za shamba na mwendo wetu wa pole, naona bomba mbili zinatufaa zaidi.

Gharama haiishii kwenye springi. Paipu za breki lazima zifike bila kukazika ekseli inaposhuka, na pembe ya ekseli ya mbele irekebishwe kwa kabari za chuma pale inapohitajika, la sivyo usukani utatangatanga kwenye lami ya Chake Chake hadi Wete. Baadhi ya gereji huinua mbele kwa kurefusha shakeli, kile kiungo cha chuma kinachoishika ncha ya springi kwenye chesi, ili kuokoa fedha. Shakeli iliyoongezwa inchi 4 huinua gari kwa inchi 2 hivi tu na huipindua ekseli, kwa hiyo siikubali kabisa.

Bei ni kubwa, na kuisafirisha kwa meli kutoka Dar es Salaam huiongeza. Bushi na pini za shakeli zinunuliwe mpya pamoja na springi, kwa sababu chumvi ya bahari huzishika pini za zamani kiasi kwamba hukatwa kwa gesi. Yuboliti, boliti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, nazo ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 za mwanzo, springi zikishakaa.